Semeni Kosa la Kanku

Kila asubuhi Kanku alikaanga mikate ya mafuta mbele ya nyumba yake, hapa Dilala, Kolwezi. Watoto wa shule walinunua wakipita. Mume wake, Kabemba, alikunywa chai, akaenda kwa miguu kwenye karakana ya kampuni. Mtoto wao, Mignonne, alikuwa mgongoni kwa mama. Bado alikuwa ananyonya.

Jirani yao ni mimi, Henriette. Ninafundisha akina mama kusoma kwenye parokia. Watu wanasema nina mdomo. Ni kweli, ninao, na wala sioni haya.

Ulikuwa mwaka wa 1993. Kazi ya migodi ilikuwa imeanguka. Mishahara ilichelewa. Unga wa kampuni, ile bunga tuliyopewa kila mwezi, ulikuwa umekwisha. Njaa iliingia nyumbani, na watu wakatafuta wa kumlaumu. Wakaambiwa: wenye kosa ni Wakasai.

Wakasai hao, babu zao waliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya migodi. Wengi walizaliwa hapahapa Kolwezi, na Kanku ni mmoja wao. Lakini vijana walipita barabarani wakiwaita bilulu, yaani wadudu. Wakawatoa katika nyumba zao. Jamaa nzima zililala kwenye stesheni, tunaiita gare, zikingoja treni ya kwenda Kasai. Baba yake Kanku, Tata Kalonji, alikuwa kule pamoja na mke wake. Mimi nilikasirika sana.

Kabemba si Mkasai. Watu wake wanatoka Katanga ya kaskazini, kama mimi. Jumapili moja mama yake, Mama Mbayo, alikuja kwake pamoja na kaka mkubwa wa Kabemba, Mwenze. Huku kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya, na neno lake ni zito. Mwenze hakukubali hata kiti.

"Kabemba," akasema, "treni inaenda siku ya mardi, kesho kutwa. Bibi yako aende na bantu yake. Mutoto atabaki. Mutoto ni wetu."

Kanku akapiga kelele. "Yaya, mutoto ananyonya! Atakula nini?"

Kabemba aliinamisha kichwa. Alimpenda mke wake, lakini tangu utoto hakuwahi kubishana na kaka yake. Mama Mbayo ndiye aliyeinua mkono.

"Ngoja, Mwenze. Mu jamaa yetu hatufukuzi mwanamuke bure. Tunamusimamisha, tunasema kosa yake mbele ya macho yake, na jirani anasikia. Muite Henriette."

Nilikuja mikono yangu ikiwa bado na sabuni. Tulikaa uani. Kanku alisimama katikati, mtoto mgongoni.

"Haya," Mama Mbayo akamwambia Mwenze. "Sema kosa ya huyu mwanamuke."

"Bakasai bote beko babaya," akaanza. "Chef yangu, mukubwa wa kazi, alikuwa Mukasai. Cheo yangu alipatia ndugu yake. Samaki mumoja akioza, bote banaoza."

"Yaya," nikamwuliza, "ule chef, jina yake ni Kanku?"

"Hapana."

"Basi umesema kosa ya chef. Ku soko, ukikuta samaki mumoja anaoza, unatupa kitunga muzima? Unatoa ule mumoja, bengine unapika."

Mama Mbayo alicheka kidogo. Mwenze hakucheka.

"Sikilizeni basi. Tangu huyu aliingia mu nyumba ya Kabemba, bunga iliisha. Mushahara iliisha. Yeye njo alileta mukosi."

"Mu nyumba yako kuko Mukasai?"

"Kwangu? Hata mumoja!"

"Na bunga iko?"

Sote tulijua kwamba kwake walikuwa wanakula viazi vitamu asubuhi na jioni.

Wewe unayesoma, simama hapa kidogo. Jambo likifuata jingine, si lazima lile la kwanza ndilo lililolileta. Ukitaka kujua, tazama pale ambapo la kwanza halipo. Kama shida imefika na huko, basi tafuta sababu nyingine. Bunga ilikuwa imekwisha katika kila nyumba ya kampuni, ya Mkasai na ya asiye Mkasai.

Mwenze aliona njia hiyo imefungwa. Akanigeukia mimi.

"Musimusikilize Henriette! Anasema vile juu ya kupenda mikate ya Kanku."

"Napenda, na kesho nitakula tena! Sasa mikate itajibu ulizo yangu? Hata mulevi akisema nyumba inaungua, angalia moshi kwanza."

"Avenue muzima inafukuza Bakasai," Mwenze akasema kwa sauti kubwa. "Bantu bengi vile, bote banakosa?"

Mama Mbayo ndiye aliyejibu. "Mwaka ule mulikunywa mayi ya mutoni bote, na bote mukaharisha. Bungi yenu ilibasaidia nini?"

Hata Kanku alitabasamu, machozi yakiwa mashavuni. Lakini Mwenze alikuwa amekasirika sasa. Akasimama mbele ya mdogo wake.

"Kabemba! Chagua leo. Huyu mwanamuke, ao siye bandugu yako."

Niliogopa, nawaambia ukweli. Neno kama hilo limevunja nyumba nyingi, maana mtu akipewa njia mbili hakumbuki kuuliza kama kuna ya tatu. Kabemba akainua kichwa, akamtazama kaka yake usoni.

"Yaya, nani alisema njia ni mbili tu? Weye ni yaya yangu. Huyu ni bibi yangu. Jana nilikuwa na bote babili. Ukinikataa, ni weye. Mi sikukatai."

"Kabemba..."

"Acha nimalize. Nilipougua, nani alilala chini mu hôpital miguuni pangu? Sema kosa yake, Yaya. Moja tu, yenye alifanya yeye mwenyewe."

Kanku akasogea hatua moja. "Sema, Yaya. Niko hapa. Kama nilikukosea, nitapiga magoti."

Tulingoja. Mwenze alitazama chini, akamtazama mama yake. Mwishowe akakaa kwenye kile kiti alichokikataa.

"Yeye mwenyewe?" akasema polepole. "Hapana. Hakuna."

"Basi maneno imekwisha," Mama Mbayo akasema. "Kanku, shusha mutoto, anyonye."

Kesho yake vijana walifika kwenye nyumba ya Kabemba na fimbo. Walikuta Mwenze amekaa mlangoni. Alikuwa amekuja tangu asubuhi bila kuitwa.

"Tata, tunasikia kuko Mukasai humu," mmoja akasema.

"Kuko shemeji yangu."

"Banakulipa ngapi?"

"Hata bakinilipa, ingebadilisha nini? Huyu mwanamuke alikufanya nini, weye?"

Kijana alitukana. Jiwe moja likapiga bati. Lakini majirani walianza kutoka nje, mmoja mmoja, wakasimama karibu na Mwenze. Mimi nilitoka na mwiko wangu wa kupikia bukari, ugali wetu. Vijana walitutazama, wakaenda zao. Kanku alibaki nyumbani kwake, pamoja na mume na mtoto wake, na yuko pale hata leo.

Jumanne, siku ya treni, Kanku alikaanga mikate mingi. Kutoka kwenda gare ilikuwa hatari kwake, kwa hiyo tulimpelekea baba yake sisi, mimi na Mwenze. Tata Kalonji alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, katikati ya watu wengi sana. Alipokea mikate kwa mikono miwili.

"Aksanti, Mwenze," akasema. "Munichungie mutoto yangu."

Mwenze alikuwa mmoja wa wale waliomtoa mzee huyu nyumbani kwake.

Treni ikaondoka. Tulirudi kwa miguu. Karibu na kanisa Mwenze akasimama.

"Henriette. Na Tata Kalonji? Kosa yake ilikuwa nini?"

"Hakuwa na kosa, Yaya."

"Na bale bote mu treni?"

"Siku ya kubatoa," nikamwambia, "hakuna mwenye aliuliza."