Picha ya Kona ya Felin Wen

Ceinwen Prydderch alikuwa jirani yangu. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Haya alinisimulia yeye mwenyewe, na mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Yalianza Jumapili ya kawaida mwezi wa kumi na moja. Yeye na mumewe Gethin walikuwa wanarudi kutoka kwa dada yake, mikate midogo ya zabibu bado ina joto mapajani mwake. Gethin alikuwa mwalimu wa udereva, na hakuwa na mazungumzo matamu kuliko ya kamera za barabarani.

"Ile nguzo ndefu unaiona? Hiyo haiko peke yake. Mwenzake yuko mbele huko, wanapima mwendo wako wote kati yao. Na ile ya kijivu, nyembamba, inakutazama usoni. Dereva anaonekana mpaka meno."

"Na ya njano?"

"Boksi la njano lenye macho mawili linakungoja upite. Linakupiga mgongoni, mwanga mara mbili, pa, pa! Uso wako halijui."

"Mwalimu bwana, unazijua kamera kuliko unavyonijua mimi," Ceinwen akamtania, na Gethin akacheka.

Kicheko kikakatika walipofika kona ya Felin Wen. Pale palikuwa na boksi la njano. Gethin akapunguza mwendo, akazima redio, akanyamaza mpaka kona ikaisha. Ndivyo alivyofanya kila mara, kwa miaka sita ya ndoa yao.

Ceinwen alijua sababu. Eluned, mke wa kwanza, alifia pale gari lilipomshinda kwenye barafu, na kamera ikawekwa baada ya kifo chake. Alijua, na bado roho ilimuuma. Angekuwa mwanamke aliye hai, angemfuata mlangoni wakaambiana. Sasa marehemu utamwambia nini? Kabla ya harusi alimtaka Gethin aondoe picha zote za Eluned nyumbani, na Gethin alikubali bila ubishi. Ceinwen hakuwahi kuuona uso wake.

Siku chache baadaye ikaja barua ya polisi. Gari la Gethin lilipita Felin Wen kwa mwendo kasi, Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana.

"Haiwezekani," Gethin akasema. "Pale mimi natambaa."

"Jumatano uliniambia una mwanafunzi mjini."

"Nilikuwa naye."

"Basi tuombe picha."

Ceinwen aliiomba mwenyewe. Ilipofika akaifungua amesimama jikoni, koti bado mwilini. Kwenye kioo cha mbele alionekana Gethin anacheka kwa kinywa chote. Kando yake alikaa mwanamke mdogo wa umbo, nywele fupi, mkono wake umetulia kwenye shingo ya Gethin kama mtu aliyezoea.

Gethin aliporudi alikuta picha mezani.

"Nani huyu?"

Gethin akavuta kiti, akakaa.

"Gethin, nakuuliza. Malaya gani huyu?"

"Imepigwa kwa mbele," alinong'ona.

"Nini?"

"Kamera ya pale inapiga kwa nyuma, Cein. Haiwezi kuona uso." Akaweka kidole juu ya yule mwanamke. "Huyu ni Eluned."

Akapanda darini, akashuka na bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na picha moja ya zamani. Nywele zilezile. Uso uleule.

Mtu mwingine angepiga kelele kwa hofu. Ceinwen aliona jambo moja tu.

"Kumbe ulibaki nayo," alisema. "Na mimi hujawahi kunichekea hivi."

Kesho yake mchana alichukua funguo za gari, akaenda Felin Wen peke yake. Mvua ilikuwa nyepesi. Akaegesha pembeni, akalizunguka lile boksi. Upande mmoja macho mawili ya kioo. Upande wa pili bati tupu, limeshika kutu kidogo kwenye misumari. Hakukuwa na kamera nyingine yoyote.

Akaliendea bati, akaliambia kwa sauti ya chini, "Mwachie. Ni wangu sasa."

Kisha akarudi kwenye gari, akalipeleka nyuma hadi darajani, akakanyaga mafuta. Alitaka limwone. Alitaka apigwe picha yeye, mke, ndani ya gari la mumewe.

Kona ikaja.

Mwanga ukawaka. Mara moja tu.

Ulitoka mbele.

Ndani ya gari kukawa baridi. Ceinwen aliona mikono kwenye usukani. Ilikuwa midogo, si yake. Akafumba macho.

Alipoyafumbua gari lilikuwa limesimama nje ya nyumba yao, injini imezimwa. Yeye alikuwa kwenye kiti cha kushoto, mkanda umefungwa. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na mlango wake uko wazi.

Hakumwambia Gethin. Baada ya siku kumi na moja bahasha ikaletwa, na safari hii hakuna aliyeiomba picha. Gethin ndiye aliyeifungua. Ceinwen aliitazama kutoka nyuma ya bega lake. Yeye mwenyewe alikuwa kiti cha abiria, kichwa kimeangukia dirishani, macho yamefumbwa. Eluned alishika usukani kwa mikono miwili. Alitazama mbele moja kwa moja, kama anayejua kamera iko wapi.

Ceinwen akangoja mumewe aogope. Akangoja amgeukie, amshike, amuulize kama yuko salama.

Gethin aliipeleka picha karibu na dirisha ili aione vizuri zaidi. Taratibu, kwa kidole gumba, akamgusa Eluned shavuni.

"Hajazeeka hata kidogo," akasema.

Jioni ileile Ceinwen alihamia kwa dada yake. Gethin yuko bado pale karibu nami, na gari lile hataki kuliuza. Watu husema mke aliondoka kwa wivu, na Ceinwen hakatai. "Nilimwonea wivu, ndiyo," aliniambia. "Na yeye alinionea mimi."

Nilimtembelea kwa dada yake kiangazi kilichofuata, miezi saba ikiwa imepita. Joto lilikuwa kali, naye akavua shali huku anamimina chai. Nikaona alama ya zambarau, pana kama mkanda wa gari, mbichi kama ya jana. Daktari alishaitazama mara tatu na hakuwa na la kusema.

Ilianzia bega la kushoto, ikashuka ndani ya nguo kuelekea nyonga ya kulia, kama abiria anavyojifunga mkanda. Pembeni yake, karibu na shingo, palikuwa na alama za vidole vinne vidogo.