Gauni Lililonikaa Vizuri Mno

Jana asubuhi fundi wangu mwenyewe, ninayemlipa mshahara mimi, alinivua gauni kwenye chumba cha kujaribia nguo, akaninyang'anya funguo, akanitoa nje ya duka langu.

Akafunga mlango. Wateja wanaona!

Nilibaki nimesimama barabarani, blauzi nimeivaa ndani nje kwa hasira, watu wanapita wakinitazama mishono.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Nilishaanza hadi kuandika posti ya kumchamba. Nimeifuta. Someni hii badala yake, na msimtukane mtu mpaka mfike mwisho.

Tuanzie kwa Dada...

Dada yangu ndiye aliyefungua hili duka. Alianza na cherehani moja kwenye kibaraza cha watu, akaja kupata chumba chenye kioo kirefu na mafundi wake. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwingine alikuwa Bibi Vifungo, mama mtu mzima asiyecheka ovyo. Jina tulimpa sisi, kwa sababu kifungo alichoshona yeye hakijawahi kudondoka.

Dada alikuwa mchapakazi mpaka unachoka kumtazama. Alikula amesimama, sahani kaiweka juu ya kitambaa cha mteja, halafu anatufokea nani kamwaga mchuzi!

Ukimwambia apumzike anacheka.

"Nikikaa chini, wateja wanavuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jingine la nguo, na Dada alikuwa analikodolea macho kutwa nzima. Harusi za watu alizivalisha zote, za ndugu hakuhudhuria hata moja. Alinunua kitambaa cha bluu ajishonee gauni la kutokea. Kilikaa kabatini, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani.

Na jamani, alikuwa anapendeza! Hapo ndipo tulipopotea.

Mtu wa kawaida akikonda, nguo zinamsema. Sketi inazunguka kiunoni, bega linashuka, majirani wanauliza kulikoni. Fundi je? Fundi akiona gauni linapwaya hajiulizi mwili umekwenda wapi. Anakaa kwenye cherehani, anabana pembeni, anavaa, anaendelea na kazi.

Dada alikuwa anabana.

Wateja wanamsifu umbo. Mimi namtania kwamba atatuibia mabwana harusi. Naye anacheka, anapuliza uzi ulioganda kwenye sindano, anaendelea.

Siku moja aliniita.

"Mdogo wangu, nibanie hapa kwapani kwa nyuma, mkono haufiki."

Nikajaza pini mdomoni. Nikabana, nikashona, nikamgeuza mbele ya kioo. Gauni lilimkaa utadhani kazaliwa nalo. Nilijisifu moyoni kwa ule mshono.

Sikumwangalia yeye. Niliangalia gauni.

Msimu wa sare za shule ulipofika, alianguka. Mchana kweupe, sote tupo. Cherehani yake ilinyamaza, tukadhani kainama kuokota uzi...

Hospitali hakukaa sana. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kitambo, na mwili wake ulishatoa kila dalili. Kisha akaniuliza, wala si kwa ubaya, kama hatukuona anavyokonda.

Kazi yangu ni kupima watu.

Tulimzika. Baada ya mazishi nikafungua mfuko tuliopewa na nesi. Gauni alilokuwa amelivaa lilikuwa humo. Nikalifua, nikaligeuza ndani nje ili nilianike.

Ndipo nikaona.

Mistari ya mishono, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kwapani kushuka hadi kiunoni. Kitambaa cha ziada hakukikata. Kila mstari ulikuwa Dada wa kipindi fulani, na kila mmoja ulikuwa ndani zaidi ya uliotangulia. Alikuwa anapungua mbele ya macho yetu, na alikuwa anajishonea kupungua kwake.

Mstari wa ndani kabisa, ule uliogusa mwili wake, niliutambua. Ulikuwa mkono wangu.

Nililia pale barazani nyumbani, nimelikumbatia likiwa limelowa, maji yananichuruzika hadi miguuni. Hata leo nikiandika hapa, barazani pale napaona.

Duka likabaki kwangu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka sheria. Kila fundi ashone gauni moja la saizi yake, litundikwe ukutani nyuma ya mashine. Hilo halibanwi, halipanuliwi, haliguswi na mkasi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunalivaa, tunasimama mbele ya kioo, tunatazamana. Likikupwaya unakwenda nyumbani kulala na kula, wenzako wanagawana kazi yako. Kama kazi haigawiki, mteja anaambiwa asubiri.

Mafundi waliniuliza kama sheria inanihusu na mimi. Nikawajibu kwa mbwembwe kwamba mimi ndio wa kwanza. La kwangu nililishona kwa kile kitambaa cha bluu cha Dada.

Sheria ilifanya kazi, msione hivi. Mafundi walirudishwa nyumbani, wakarudi wana nuru, na hakuna mteja aliyekufa kwa kusubiri gauni.

Halafu duka la ng'ambo likafungwa, na wateja wote wakavuka barabara kuja kwetu!

Nikafurahi, bila kujua nafurahia nini. Nikaanza kufika mapema kuliko mfagizi. Nikaanza kula nimesimama. Mama akipiga simu namwambia nitakupigia, na simpigii. Mwanangu akiongea nami natikisa kichwa, akili iko kwenye kola za sare.

Jana ilikuwa Jumatatu ya gauni. Nikalivaa langu, nikatoka mbele ya kioo.

Likanikaa sawasawa! Mafundi wakapiga makofi.

Bibi Vifungo hakupiga. Alinishika mkono, akaniingiza chumba cha kujaribia, akavuta pazia.

"Vua."

Nikacheka, nikadhani utani. Akafungua zipu mwenyewe, akalivuta, akaligeuza ndani nje chini ya taa.

Pembeni, kwenye gauni la bluu, kulikuwa na mshono mpya wa uzi mweupe. Uzi wa mashati ya sare.

Nikaukumbuka palepale. Wiki iliyopita nililijaribu, likapwaya, nikakaa kwenye mashine nikalibana, nikarudi kwenye kola. Naapa sikukusudia kumdanganya mtu. Mkono ulifanya kazi yake, na akili wala haikuamka. Gauni pekee nililokataza lisibanwe, nimelibana mwenyewe, tena la kitambaa cha marehemu.

"Ni kidogo tu," nikasema.

"Dada yako naye alisema kidogo tu."

Nikamkumbusha kuna oda za shule nzima. Nikamwambia mimi ndiye mwenye duka. Alisubiri nivae nguo zangu, akalikunja lile gauni taratibu, akanipa, kisha akanyoosha mkono kutaka funguo. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi sijawahi kumwona huyu mama akilia, hata msibani.

"Dada yako nilikaa naye mashine kwa mashine," akasema. "Sikumgeuza gauni. Wewe nimekugeuza. Nenda kalale."

Basi ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyofukuzwa dukani kwangu.

Nimelala tangu jana mchana. Nilipoamka nimempigia Mama, akashtuka, akadhani kuna msiba.

Sasa nimekaa kitandani na wembe, nafumua ule mshono mweupe. Nikimaliza nitalivaa hivyohivyo linavyopwaya, nijitazame kwenye kioo nilivyobaki.

Wewe mwenye duka, mwenye saluni, mwenye karakana, unayesoma huku unahudumia mteja... Mganga hajigangi, na sisi wenye biashara ni mafundi wa kujibana mpaka watu watusifu. Mtafute mtu mmoja atakayekugeuza ndani nje bila kukuogopa, na siku akikudai funguo, mpe.

Dada yangu hakuwa na mtu huyo. Alikuwa na mimi, nimeshika pini.