Usimlishe Delbert

Naomba radhi kabla sijaanza. Mimi ni rubani wa ndege ya kutua majini hapa Hoonah, kijiji cha wavuvi kwenye baridi ya kaskazini, si msimuliaji. Nikishika hadithi ya kutisha watu hucheka, nikitania, hununa. Mwenye hadithi hii ni Verna, ila Verna alinisimulia mara moja tu, na siku hizi hasemi neno, kwa hiyo mtanivumilia domo langu.

Jioni ile ya Oktoba Verna alikuwa na kazi ya kawaida tu: kufunga kibanda cha kaka yake, Delbert, huko ghubani, mahali pasipo na barabara wala jirani. Delbert alitoka na boti kutega kaa. Boti ikarudi na mkondo. Yeye hakurudi. Wiki tano sasa. Siku ya arobaini ukoo ungekaa kula na kumuaga, na Verna alitakiwa kuleta vitu vyake vigawiwe. Tangu habari ifike hakuwa amelia hata tone. Alipika, alifua, alijibu simu, kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino ikasambaa mwili mzima. Hilo ndilo lililomsumbua: kwamba siku ya arobaini itafika, watu wote wanalia, yeye anatafuna.

Gatini Hoonah, kabla hatujaruka, mama yake mdogo, Irma, alimshika mkono.

"Ukifika kule kula wewe. Umesikia? Usimlishe Delbert."

"Sawa, mama mdogo."

"Bibi yako tunamlisha kwa sababu tulimzika. Huyu hajapatikana. Wenyeji wake huko ni fisi maji, wanaochukua waliozama na kuwageuza wenzao. Ukimwita, utaitikiwa."

"Sawa."

"Sawa, sawa! Naongea na redio?"

Nikachomekea kwamba hata mimi sijapatikana, mke wangu alishaacha kunitafuta, basi angalau nilishwe. Irma alinitazama mpaka nikawasha injini.

Nilimshusha Verna, nikamwambia kesho asubuhi, nikaondoka. Giza lilikuwa linaingia. Akawasha jiko la kuni. Akapanga buti, nyavu, msumeno. Tumbo lilipomkumbusha, akakata samoni mkavu, akachovya kwenye mafuta ya sili.

Kwetu kipande cha kwanza kinakwenda motoni, na unamtaja marehemu wako ale. Verna alimlisha bibi hivyo. Alimlisha mama hivyo. Kichwa kilikuwa kimekatazwa, lakini mkono... mkono una mazoea ya miaka thelathini. Mlango wa jiko ulikuwa wazi.

Kipande kikatoka vidoleni.

"Delbert," akasema.

Mafuta yakalipuka. Tsss...

Kisha, upande wa maji, mluzi.

Mmoja. Mfupi.

Harufu ikatangulia: manyoya mabichi, samaki wa juzi. Mbao za baraza zikalia, taratibu, kama chini ya mtu anayejifunza upya kutembea. Zikanyamaza mlangoni.

"We Kibonge..."

Duniani alikuwapo mtu mmoja tu wa kumwita hivyo.

"Samoni gani huyu, Kibonge? Mgumu kama soli ya buti."

Verna hakuogopa. Aliniambia hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: hakuogopa. Alisogea karibu na mlango, akanong'ona, "Umekufa?"

"Nina baridi. Fungua."

"Weka mkono dirishani."

Maji yakidondoka... tap... tap...

Mkono ukaja kiooni. Kwenye kidole gumba, kovu la ndoana, lilelile. Kisha vidole vikaachana polepole, na katikati yake ngozi ikatanuka, nyembamba, kama ya mguu wa bata.

"Fungua. Ukiniona utalia, Kibonge. Si unataka kulia?"

Alitaka.

Akashika komeo. Chuma kilikuwa baridi, lakini vidole havikuhisi kitu. Akasimama hapo muda mrefu, paji la uso kwenye ubao, na upande wa pili kitu kikipumua mahali palepale. Delbert aliyemjua hakuwahi kubisha hodi maishani mwake. Aliingia kwa bega, akavunja bawaba, akacheka.

"Kaka yangu haombi mlango," akasema.

Pumzi ikakoma. Mbao hazikulia tena. Verna akajua ameshinda, na ushindi wenyewe hakuuhisi.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama uji. Akashuka gatini ameinamisha kichwa, sanduku mikononi, akapanda mbele. Alinisikia nikiongea huko nje, nikifunga mlango wa nyuma. Nilipokaa nikageuza shingo na kusema, "Na wewe huko, usiuchezee huo mkanda!" Hakugeuka. Alijua ni mimi. Mimi hutania hata viti vitupu.

Ndege ilijikokota majini muda mrefu sana kabla ya kuinuka.

Angani tone likamwangukia shavuni. Kisha jingine. Akalilamba: chumvi. Verna akafumba macho. Hatimaye, akawaza. Hatimaye nalia. Akapeleka vidole machoni.

Makavu.

Tone la tatu likatua shingoni. Kwa nyuma.

Hakugeuka mpaka Hoonah. Irma alikuwa gatini, na wala hakumsalimu; alikodolea macho kiti cha nyuma. Dimbwi la maji sakafuni. Manyoya mawili matatu, meusi. Mkanda umefungwa vizuri, na ndani yake hakuna mtu.

"Ulimfungulia?" akanong'ona.

"Sikumfungulia, mama mdogo. Alibembeleza, sikumfungulia."

Wakanigeukia mimi, wote wawili, polepole.

Arobaini haikufanyika. Siku hizi mluzi unasikika nyuma ya matangi ya mafuta hapa kijijini, na Verna haitiki mtu yeyote anayemwita kutoka mgongoni, hata Irma. Kulia, bado.

Lakini jamani, ukungu ule! Mtu amevaa koti la mvua, kofia mpaka puani, analowa, anatetemeka. Nikadhani mwindaji aliyepotea. Verna alimnyima mlango kaka yake wa tumbo moja. Mimi nilimpa mkono, nikampandisha, nikamfunga mkanda, na nikamwambia ajisikie yuko kwao.