Jina Lenye Mshale

Asubuhi ile Petkana alikuta kwenye kompyuta ya duka jina la mtu ambaye bado yu hai.

Duka lao, pale mjini Tryavna, lilichapisha matangazo ya vifo, yale yanayobandikwa milangoni na kwenye nguzo: ya maziko, ya arobaini, ya mwaka. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, Petkana ndiye aliyeandika maneno, na binti yake Zornitsa ndiye aliyepanga kurasa. Jana yake Zornitsa alikuwa amesafisha uso wa kompyuta. Mafaili yote aliyatia ndani ya folda, juu akaacha njia za mkato tu, vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni.

"Hivi siyo mafaili yenyewe, mama. Ni kama vivuli vyake. Faili limekaa kule ndani, ukibonyeza kivuli kinakupeleka."

"Na Kancho muoka mikate umemwekea kivuli cha nini? Nimetoka kununua mkate kwake sasa hivi!"

"Mimi tena? Labda umebonyeza ovyo. Mama na vidole vyako hivyo!"

Petkana akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba faili halipo. Chumbani kulinuka chokaa mbichi.

Kabla ya Jumapili Kancho alianguka mbele ya tanuri lake. Mjane wake akaleta picha, Zornitsa akapanga tangazo, na lilipokamilika tu, lile jina lenye mshale likafunguka bila kuguswa, likaonyesha tangazo lilelile.

Harufu ilitoka kwenye ukuta mpya nyuma ya meza, na ndani yake kitu kilikwaruza polepole, kama mwiko juu ya jiwe. Petkana akamwita fundi Minko aliyeujenga. Minko alivua kofia, akagoma kuvuka kizingiti.

"Ulikuwa unabomoka kila nikiupandisha, dada," alinong'ona. "Nikafanya walivyofanya mababu. Kancho alipita juani, nikapima kivuli chake kwa uzi, uzi nikaufukia msingini."

Petkana akapiga ishara ya msalaba. Anayefukiwa kivuli hafiki siku arobaini, na akifa huwa talasum, pepo mlinzi wa ukuta ule.

"Ulimpima nani mwingine?"

"Naapa, huyo mmoja tu."

Minko akabomoa. Uzi haukuwamo. Kwenye chokaa ilibaki alama yake tu, na kukwaruza hakukukoma.

Kesho yake, mchana kweupe, juu ya uso wa kompyuta palikuwa na jina la Zornitsa.

Padri Evtimi alikuja na maji ya baraka na shada la mrehani, akanyunyiza kifusi, kisha meza.

"Taratibu, padri, utaiua mashine yetu," Zornitsa alitania, lakini midomo yake ilikuwa imepauka.

Sala ilipokuwa ikisomwa jina lilitoweka. Waliposema amina, likarudi. Padri akamuuliza binti namna anavyopanga kazi zake, na alipoelezwa akakaa kitini.

"Marehemu yumo humu tangu azikwe, mwanangu. Anakutazama ukitoa vivuli vya vitu na kuvipanga. Anadhani ndiyo kazi aliyowekewa."

"Basi mwambie aache!" Petkana alisema kwa sauti ya chini.

"Nimemwambia kwa jina la Bwana. Hajui kazi nyingine, mama. Tuombe."

Padri alipoondoka, Zornitsa alisema anahisi baridi, akaenda jikoni kubandika maji ya chai. Petkana akaketi mbele ya kompyuta, akafuta jina la mwanawe, likarudi, akalifuta tena, likarudi mahali palepale, na kukwaruza kulikuwa kumetoka ukutani sasa, kumehamia chini ya meza, karibu na miguu yake, na ile harufu ya chokaa ilizidi hata akawa anavuta pumzi kwa mdomo, ndipo akafanya kama Zornitsa alivyowahi kumfundisha, kidole kimoja kimoja, akatengeneza njia ya mkato yenye jina lake mwenyewe, akaiweka juu kabisa, mahali ambapo hata kipofu angeiona.

"Kancho, jirani yangu," alinong'ona, "nimekula mkate wako miaka yote. Mume nimeshazika. Nichukue mimi, huyu niachie. Mungu anisamehe."

Kukwaruza kukanyamaza. Jina lake likapauka, likatoweka.

Petkana alilia kwa shukrani. Kisha akaona jina la Zornitsa bado lipo, akalibonyeza. Safari hii kompyuta haikusema kwamba faili halipo. Tangazo lilifunguka, limekamilika, na picha, na msalaba, na maneno yaleyale mazuri ambayo yeye Petkana huwachagulia watoto wa wenzake. Akalisoma hadi mwisho. Jina lake alilikuta huko, chini kabisa, mahali pa mfiwa.

"Zornitsa," aliita. "Zori, mwanangu."

Jikoni maji yalikuwa yakichemka, na hakuna aliyeyaepua.