Wasia wa Duka la Jamnadas

Jamnadas alikuwa na duka la nguo hapa Malindi. Kila asubuhi yeye alipanga majora ya kitambaa cha marekani, na mkewe, Kanta, alikunja leso huku akimchunga binti yao mdogo, Kashmira.

Mwaka 1912 Jamnadas alishikwa na kifua. Masika yalipofika, hakuweza tena kubeba hata jora moja.

"Mama Kashmira," alisema, "tafuta wakili. Nataka kuandika wasia."

"Usijitabirie, Baba Kashmira."

"Kalamu ingekuwa inaua, Malindi isingebaki na karani." Akacheka, kikohozi kikamkata. "Duka hili nimelinunua kwa jasho langu. Nisipoandika, ndugu yangu ataliuza, akurudisheni Bara Hindi."

Kanta alilia kidogo. Kisha akaenda kwa jirani yao, Lakhamshi, aliyewahi kuwa karani wa korti.

"Naogopa gharama, bhai, ndugu yangu. Nasikia mawakili humeza nyumba na mlango wake."

"Shemeji, wewe hukata kitambaa kabla mteja hajajua bei?"

"Sikati."

"Basi na wewe uliza kabla wakili hajaandika. Kuandika ni kiasi gani? Nakala je? Nauli je? Akidai fungu la duka, mwache. Na ukilipa, chukua stakabadhi."

Wakili wa Mombasa alipokuja kwa kesi zake, Kanta alimuuliza yote.

"Kuandika rupia ishirini," wakili alisema. "Nakala rupia mbili. Nauli sidai, maana nimekuja kwa kazi nyingine."

"Na mgonjwa akitaka kubadili neno?"

"Leo, bure. Siku nyingine, rupia tano. Nani amekufundisha, mama?"

"Duka."

Wakili aliandika, akausoma wasia kwa sauti. Jamnadas akatia sahihi. Kanta naye akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Wewe hapana," wakili alisema. "Anayerithi hawi shahidi. Utapoteza haki yako."

Basi wakashuhudia Lakhamshi na Sidi, muuza nazi wa kijiji cha Ganda. Sidi hakujua kuandika, akaweka alama ya kidole.

"Kidole kina tui," alisema. "Karatasi isije ikanuka mchuzi."

Jamnadas alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha mwisho. Alifariki siku ya tisa.

Matanga hayajaisha, nduguye akafika kutoka Mombasa na kufuli mkononi. "Fungeni mizigo, shemeji."

Kanta alimpa nakala. Wasia wenyewe ulikuwa kwa Lakhamshi. Ndugu wa marehemu aliisoma mara mbili, amesimama. Akatia kufuli mfukoni.

"Kumbe aliwaza yote."

"Aliwaza," Kanta alisema.

Siku Kanta alipofungua duka, Kashmira alikimbilia nyuma ya majora kumtafuta baba yake. Akarudi polepole.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo, mwanangu."

Mteja alikuwa akingoja. Kanta alimpa mtoto ncha ya kitambaa aishike, akaanza kupima.