Ukoma wa Ininahazwe na Fomu ya Masista

Pelagia analima mihogo Rungwe Mpya. Binti yake mkubwa, Ininahazwe, anataka kuwa mtawa. Masista wa Kasulu walimpa fomu. Ni lazima apimwe mwili mzima, na daktari aandike kama ana ugonjwa.

Jumamosi moja Ininahazwe aliipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu. Ngozi ya vidole ikababuka. Yeye wala hakushtuka.

"Mama yangu wee! Huungui?" Pelagia alipiga kelele.

"Sisikii kitu, mama. Vidole hivi vina ganzi tangu masika."

Pelagia alikuwa ameshaliona baka jeupejeupe mkononi mwa binti yake. Moyoni aliliita ibibembe, yaani ukoma. Akaingiwa na hofu.

"Masista wakijua, hawakuchukui. Atakwenda kupimwa mdogo wako, Niyubahwe. Mnafanana. Atataja jina lako."

Jamani! Hofu humfanya mtu mzima apange mambo ya kitoto.

Jirani yao Asmahani, nesi wa zahanati, alisikia kelele. Akaja, akamfunga Ininahazwe majeraha ya vidole. Kisha akaliona baka. Akachukua pamba.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Ininahazwe alingoja. "Bado hujanigusa."

"Nimekugusa mara tatu, mwanangu."

Pelagia akaangua kilio. Akaeleza mpango wake wote.

"Mama Ininahazwe, akipimwa Niyubahwe, huyu atatibiwa na nani?" Asmahani alikasirika. "Ukoma si laana wala uchawi. Unaletwa na vijidudu. Dawa ipo, tena ni bure. Akianza kuimeza, baada ya muda mfupi haambukizi mtu. Akichelewa, vidole vitapinda."

"Na utawa wangu?" Ininahazwe aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Hilo sijui. Mimi Mwislamu, sheria za masista sizijui. Pona kwanza."

Jumatatu walikwenda hospitali. Daktari alithibitisha kuwa ni ukoma. Familia nzima ikapimwa. Ininahazwe alimeza dawa miezi kumi na miwili, hata siku za mavuno hakuacha. Baka lilififia. Lakini ganzi ya vidole viwili haikuisha. Walikuwa wamechelewa, na Pelagia alijilaumu sana.

Mwaka uliofuata mama na binti walikwenda Kasulu. Sista mkuu alishika fomu.

"Binti huyu amewahi kuugua ugonjwa mkubwa?"

Ininahazwe alifungua mdomo. Mama yake akamtangulia.

"Ukoma, Sista. Amemaliza dawa, cheti cha hospitali hiki hapa. Mimi ndiye niliyetaka kuuficha. Nilikuwa tayari kumpoteza mwanangu kwa ajili ya karatasi."

Sista alikisoma cheti polepole.

"Tunauliza ili tujue namna ya kumtunza mtu, mama. Aliyepona hatumfukuzi." Akamshika Ininahazwe mkono, ule wenye ganzi. "Tunaanza Januari, binti. Karibu."

Pelagia alijifunika uso kwa kitenge, akalia mbele yao wote wawili.