Taa za Manjano za Gari la Massawe

Maiti ya Mzee Mwinyimvua ilikuwa bado juu ya mkokoteni, hatua chache kabla ya kufika kituo cha zimamoto cha Faya, imefunikwa khanga. Wasukuma mkokoteni wawili walikuwa wameketi ukingoni mwa barabara, wanahema. Walikuwa wamemkimbiza tangu Kariakoo kuelekea Muhimbili, na hapo wakaona hakuna tena wa kumkimbiza.

"Alikata roho hapa?" Inspekta Melkiori Haule aliuliza.

"Hapa hapa, afande. Kule alipogongwa alikuwa anasema. Alituomba tusimtikise sana."

"Tangu agongwe mpaka anakata roho, muda gani?"

"Kama dakika arobaini. Tulitafuta gari kwanza. Lakini Jumapili hii, gari utalipata wapi?"

Mwaka ule wa 1981 magari binafsi yalikuwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili taifa libane petroli. Barabara zilikuwa tupu, watoto wakicheza mpira katikati ya Mtaa wa Msimbazi. Gari pekee lililoonekana Kariakoo jioni ile ndilo lililomgonga mzee wa watu, nalo lilikuwa limekwisha kutoweka.

Shahidi alikuwa mmoja. Aliitwa Paskalina, muuza nyanya wa sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti kavu. Alimngoja inspekta kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu na Mchikichi, mikono kiunoni, kama aliyekuwa na hasira na polisi kwa kuchelewa.

"Lilikuwa gari gani, mama?"

"Jeupe-jeupe, refu. Lilimgonga ubavuni akivuka, likasimama kidogo. Nikapiga kelele, 'Mchukueni, jamani, mchukueni!' Likaondoka."

"Namba uliziona?"

"Sijui kusoma, baba."

"Dereva je?"

"Mwanamume. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha la kulia. Una baka jeupe la kuungua, toka kwenye kiwiko mpaka kifundoni. Halafu likafika pale mbele, likakata kushoto kuingia Mchikichi. Taa ikawa inapepesa."

Melkiori aliinua kalamu. "Taa inapepesa? Aliwasha indiketa?"

"Ndiyo. Ya kushoto ikapepesa, ya kulia imetulia tu."

"Ya rangi gani hiyo iliyopepesa? Manjano?"

"Nyekundu."

"Una hakika?"

"Afande, mimi nauza nyanya mwaka wa kumi na tatu huu. Nyekundu naijua."

Koplo Zena Mkumba, msaidizi wa Melkiori, alicheka kidogo. Walipokuwa wanarudi kituoni kwa miguu alisema, "Afande, mtu kaua, anakimbia, barabara haina hata baiskeli. Anawasha indiketa ya nini?"

"Hata mimi sijui," Melkiori alisema. "Lakini rangi ile imenipa kitu. Magari yetu mengi, ya Kijapani na ya Kizungu, indiketa zake za nyuma ni za manjano, zimetengwa na breki. Ya Kimarekani hutumia balbu moja nyekundu kwa kazi zote mbili. Ukikanyaga breki huku umewasha indiketa, upande mmoja unapepesa, wa pili unatulia. Tutafute Wamarekani."

Jumatatu walipekua majalada ya leseni. Wilayani Ilala magari ya namna hiyo yalikuwa manne. Mawili yalikuwa juu ya mawe, hayana magurudumu. La tatu lilikuwa Tabora tangu Krismasi. La nne, rangi ya krimu, lilinunuliwa kwa afisa wa ubalozi mmoja na Aristides Massawe, mfanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Kongo.

Zena alirudi mchana na habari nyingine. Marehemu Mwinyimvua alikuwa kuli mstaafu wa bandarini na balozi wa nyumba kumi. Mwezi uliopita aliripoti kwamba Massawe amefungia sukari stoo huku wananchi wanapanga foleni. Massawe alihojiwa siku mbili. Alipotoka alisema mbele ya watu kwamba balozi yule atamtambua.

"Sasa tumefika," alisema Zena.

Jumanne walifika dukani. Massawe alikuwa mwenyeji wa Kilema, Moshi, mfupi, mwenye miwani mizito. Mkewe Severa alikuwa nyuma ya kaunta akipima chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, ndugu polisi. Sukari tena?"

"Gari lako, mzee."

Massawe aliwapeleka uani. Gari lilikuwa limeingizwa kibandani pua mbele, matako yake marefu yakitazama nje. Melkiori alisimama akayatazama. Chini ya taa nyekundu kulikuwa na taa nyingine mbili za mviringo, manjano iliyoiva kama chungwa.

"Washa indiketa, mzee."

Massawe alijipenyeza kibandani, akawasha. Manjano ikapepesa. Akakanyaga breki, nyekundu mbili zikawaka zikatulia. Kila rangi na kazi yake.

"Ziliwekwa lini hizi?"

"Jumamosi. Wakaguzi wa magari walinikatalia, wakataka indiketa za peke yake. Fundi Anselmi wa Gerezani ndiye aliyenifungia."

"Na Jumapili gari lilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Sina kibali cha Jumapili." Alijibu haraka mno, kama mtoto aliyekariri. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

Wakati wanatoka, Severa aliwafuata mpaka mlangoni. Alikuwa bado ameshika kibaba cha kupimia chumvi.

"Ndugu inspekta, samahani. Yule mzee, alikufa pale pale?"

"Hapana, mama. Aliishi dakika arobaini."

Severa aliitikia kwa kichwa na kurudi ndani. Melkiori alitembea hadi kona akilirudia swali lile kichwani. Tangu Jumapili watu zaidi ya ishirini walikuwa wamemsimamisha, na kila mmoja aliuliza nani kaua. Huyu hakuuliza.

Anselmi, fundi umeme wa magari, alifanyia kazi chini ya bati moja Gerezani, katikati ya betri na nyaya. Alikuwa mrefu, mchangamfu. Alipowanyooshea mkono wa kuume, Zena alivuta pumzi. Baka jeupe lilishuka toka kwenye kiwiko hadi kifundoni.

"Asidi ya betri," Anselmi alisema, akicheka. "Mafundi wengi tunalo."

"Eleza kazi uliyoifanya kwenye gari la Massawe."

"Kazi ya kichwa ile, afande. Kwenye gari la Kimarekani waya wa breki unapitia kwanza kwenye swichi ya indiketa. Nikaukata, nikauvuta mwingine moja kwa moja toka kwenye pedali mpaka taa nyekundu. Halafu nikatoboa bodi, nikafunga za manjano, nikazipa waya wa indiketa peke yake."

"Lini?"

"Jumamosi. Saa tisa mwenyewe akachukua gari lake."

"Vioo vya manjano ulivipata wapi? Mpaka wa Kenya umefungwa mwaka wa nne huu, na madukani hakuna hata balbu."

Kicheko cha Anselmi kilipungua. "Nilikuwa navyo, afande. Vya zamani."

Melkiori hakubishana. Jioni ile alikaa na ubao wa matukio ya wiki, akiupitia mstari kwa mstari kwa kidole. Wizi wa kuku Buguruni. Ugomvi wa kilabuni. Na chini, Jumatatu asubuhi: dereva Kitwana Makame anaripoti kuibiwa taa mbili za manjano za nyuma ya tela, lililolazwa nje ya geti la bandari.

Kesho yake Kitwana aliletwa uani kwa Massawe. Zena alikuwa na bisibisi. Alifungua kioo cha taa ya kushoto, akakigeuza. Kwa ndani, kwa rangi nyeusi, palikuwa na herufi na tarakimu zilizoandikwa kwa mkono.

"Namba ya tela langu hiyo," Kitwana alisema. "Niliandika mwenyewe, kwa sababu ya wezi."

"Mara ya mwisho uliziona lini?"

"Jumapili saa kumi na mbili jioni, nikiegesha. Zilikuwa zinawaka zote mbili."

Hapo hapakuwa na haja ya hesabu ndefu. Taa zilizokuwa kwenye tela Jumapili jioni hazingeweza kufungwa kwenye gari la Massawe Jumamosi. Saa kumi na moja ya Jumapili, Mwinyimvua alipogongwa, gari lile lilikuwa bado na indiketa zake nyekundu.

Massawe aliketi kwenye gunia la chumvi.

"Nitasema," alisema. "Gari lilikuwa kwa Anselmi tangu Ijumaa kwa kazi hiyo ya indiketa. Jumatatu asubuhi alinirudishia, akaniambia, 'Mzee, wakikuuliza sema Jumamosi. La sivyo utaambiwa umemuua balozi wako.' Niliogopa. Nilimtolea maneno mabaya mzee yule, kila mtu alisikia. Nani angeniamini?"

"Ulijua nani aliliendesha?"

"Nilidhani ni Anselmi. Sikutaka kujua zaidi."

"Utalala kwetu leo," Melkiori alisema. "Koplo, lipeleke gari kituoni."

Zena aliingia kibandani, akafungua mlango wa kulia, akajitupa kitini. Mara akatulia. Akatazama mbele yake, kisha kushoto.

"Afande," aliita polepole. "Huku hakuna usukani."

Melkiori alichungulia. Gari la ubalozi. Usukani ulikuwa kushoto, kama walivyouzoea wenyewe huko kwao. Alijipiga paji la uso. Siku mbili alikuwa anakodolea matako ya gari, hakutazama pua. Paskalina alisema kweli tupu: mwanamume mwenye baka alikuwa dirisha la kulia. Ila kulia ni kwa abiria.

Anselmi alikuwa kituoni kabla ya saa nane. Hakuchangamka tena.

"Uliiba taa za tela."

"Ndiyo."

"Ulikuwa ndani ya gari."

"Ndiyo."

"Upande wa kulia. Nani alikuwa kushoto?"

Anselmi alilifunika baka lake kwa mkono wa pili.

"Barabara tupu, gari la mteja, na mtu anakata kona kwa indiketa hata baada ya kuua. Anayefanya hivyo ni mtu anayeambiwa cha kufanya. Ulikuwa unamfundisha nani udereva, Anselmi?"

"Afande, nifunge mimi, yaishe."

"Nitamfunga Massawe. Ana sababu ya kuua, ana gari, na amesema uongo. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka leo."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nje, kwenye kaunta, Severa alikuwa ameleta chakula cha mumewe, amekishika kwa mikono miwili. Alikiweka chini, akaingia bila kubisha.

"Mwacheni mume wangu," alisema. "Nilikuwa naendesha mimi."

Anselmi alifunika uso. Melkiori alisogeza kiti, akamwashiria Zena aandae karatasi za maelezo ya onyo.

"Hulazimiki kusema, mama. Utakalosema litaandikwa."

"Liandikwe. Ilikuwa Jumapili ya nne ananifundisha. Kwanza alinifundisha kwa magari ya watu wengine. Jumapili hakuna magari, tena mume wangu yuko kwenye kwaya mpaka magharibi. Kitu cha kwanza alichonifundisha Anselmi ni indiketa. Kila kona, hata kama hakuna mtu."

"Na mzee?"

"Alitoka nyuma ya kibanda. Nilikanyaga breki, nikachelewa. Nilisimama. Nilimsikia yule mama akiita tumchukue. Anselmi akasema, 'Huna leseni, hatuna kibali, ni balozi huyu, tutanyongwa. Washa indiketa, kata kushoto.' Nikawasha. Nikakata."

"Alikulazimisha?"

Severa alifikiri. "Hapana. Maneno yalikuwa yake. Mguu uliokanyaga petroli ulikuwa wangu."

"Kwa nini ulijifunza kwa siri?"

Hapo ndipo Severa alipoketi kwenye kile kiti.

"Mwaka juzi mume wangu alisafiri kwenda Moshi kwa basi, gari akaliacha uani. Mtoto wetu akapatwa na degedege saa tano asubuhi. Nilikuwa na ufunguo mkononi, inspekta. Gari lina petroli, Muhimbili pale. Nilizunguka mtaa mzima naita anayejua kuendesha. Alipopatikana, mwili wa mtoto ulikuwa umekwisha poa. Baadaye nilimwomba mume wangu anifundishe. Akasema mke wa mtu hawi taniboi wala dereva. Nikaapa moyoni kwamba hatakufa tena mtu mbele yangu kwa kukosa dereva."

Zena alikuwa ameinamisha kichwa. Kutoka mahabusu, ng'ambo ya ukuta mwembamba, Massawe alikuwa amesikia yote. Walimsikia akigonga paji lake kwenye nondo, polepole, akiita jina la mkewe. Severa hakugeuka.

Hakimu alikuja kumpa Severa miaka mitatu, na Anselmi mitano pamoja na wizi wa taa. Massawe alitozwa faini kwa uongo wake. Watu wa Kariakoo walisikitika kwamba hakufungwa tajiri.

Lakini alasiri ile hayo yote yalikuwa bado. Melkiori alimaliza kuandika, akamgeuzia karatasi. Severa alisoma taratibu, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Penye jina la mtoto akasimama.

"Umeandika Kandida kwa K," alisema. "Yeye alikuwa Candida, kwa C."

Akaomba kalamu, akasahihisha mwenyewe, kisha akatia sahihi.